Mshale kwenye Majibu ya Kabula

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni, juu ya televisheni, na kila nikiitazama najiuliza ni nani kati yenu aliyeona kwamba mtu aliyestaafu ndiye mwenye haja ya kujua saa. Lakini nashukuru. Deo, wewe ndiye uliyeniomba niandike. Ulisema, "Mama Asha, ukiondoka na hizo habari kichwani, sisi tutabaki na mashine tu." Basi naandika. Sitaandika habari za vyeo, kwa sababu vilivyokuja vilichelewa na vingine havikuja kabisa, wala za mshahara, maana mnaujua. Nitaandika habari za kreatinini. Najua wengi wenu mngependa malaria au kifua kikuu, magonjwa yenye wadudu unaoweza kuwaona kwenye hadubini ukawaonyesha na wageni. Kreatinini haina sura. Ni namba kwenye karatasi, na ndiyo maana inawatisha watu, na sisi tulio ndani ya dirisha la maabara hututisha wakati mwingine.

Nilifika Shinyanga nikiwa msichana wa Kisarawe aliyemaliza chuo juzi, na sanduku la bati na kikapu cha nazi, kwa sababu mama yangu alisikia huku bara watu wanapika mboga bila tui. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Kulwa, Msukuma wa Maswa, mrefu, koti lake jeupe amelikata mikono kwa mkasi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kabila langu. Nilipomwambia mimi ni Mzaramo alicheka mpaka akashika meza. Wasukuma na Wazaramo ni watani, na tangu dakika ile sikupata pumziko.

"Wameniletea mtani!" akawaambia wenzake. "Haya mtani, hizo nazi hapa utazivunjia wapi?"

"Kwenye kichwa cha Msukuma," nikamjibu. "Nimeambiwa ndicho kigumu zaidi."

Akaniambia nimefaulu usaili, akanipa ufagio. Wiki yangu ya kwanza nilifagia, nilichemsha mirija ya kioo na niliandika majina ya wagonjwa. Nilinuna sana. Baadaye nilielewa kwamba alitaka nijue kuandika majina vizuri kabla ya kujua kitu kingine, kwa sababu majibu sahihi ya mtu mwingine ni majibu mabaya kuliko yote.

Kreatinini wakati ule tulipima kwa mikono yetu. Damu tuliizungusha kwenye mashine iliyotetemesha meza nzima, tukachukua yale maji ya juu yenye rangi ya majani makavu, tukayachanganya na dawa ya njano iitwayo asidi ya pikriki. Kreatinini ikiwemo, njano inageuka kuwa rangi ya chungwa, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Kisha mirija inaingia kwenye kolorimita, kisanduku cha kusomea rangi, ambacho chetu kilitaka kupigwa kofi la ubavuni ndipo sindano yake itulie. Dawa ile ikikauka kabisa inaweza kulipuka, kwa hiyo Mzee Kulwa kila asubuhi aliisalimia chupa kwanza, akahakikisha ina maji, ndipo akatusalimia sisi. Na ilishika vidole vibaya sana. Akina mama wa Kambarage, kule nilikopanga chumba, walidhani nauza bizari, na mmoja alinikasirikia kwa kumficha bei.

Huyu mzee ndiye aliyenifundisha maana ya ile rangi. "Mtani," alisema, "mwili wa mtu ni jiko. Misuli inafanya kazi kila siku, na kila siku inaacha majivu. Hayo majivu ndiyo kreatinini. Figo kazi yake ni kuzoa. Sasa ukikuta majivu yamejaa jikoni, utasema nini?"

"Mzoaji anaumwa."

"Au leo wamechoma kuni nyingi. Au jiko lenyewe ni kubwa. Au hakuna maji ya kusukumia. Namba haikwambii ni lipi. Mwenye damu ndiye atakayekuambia. Toka dirishani ukamwone."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Kumbe ilikuwa kazi yenyewe. Nilianza kutoka. Nilimwona mbeba mizigo wa stendi, mikono kama magogo, namba yake imezidi kidogo na figo zake hazina neno. Nilimwona bibi kutoka kijijini, mwili umebaki mifupa, namba yake ya kupendeza kabisa, na miguu imevimba hadi ngozi inang'aa. Bibi yule hakuwa na misuli ya kutoa majivu, kwa hiyo hata kidogo kile kilikuwa kingi kwake. Karatasi mbili, na ile nzuri ndiyo iliyokuwa ya mgonjwa.

Baadaye nilihamishwa kwenda kituo cha afya kimoja upande wa Geita, karibu na Rwamgasa. Huko nilikuta watu wa kila mkoa, Waha, Wakurya, Wachaga, Wazigua, kila mtu amekuja kujaza mfuko na kurudi kwao, na wengi wao wapo mpaka leo. Kutwa nzima karasha za kusagia mawe zilipiga kelele mpaka tukazoea kuzungumza kwa kupaza sauti hata misibani. Wachimbaji walikuja kwetu kwa malaria, kwa vidonda, kwa kikohozi cha vumbi. Kwa figo hakuna aliyekuja. Figo hazina kelele.

Lakini niliona kitu. Kabla ya kushuka duarani, yaani kwenye shimo, vijana walimeza vidonge vya kutuliza maumivu kama watu wengine wanavyokunywa chai. Mgongo haujauma bado, wanameza ili usiume. Chini kuna joto, wanatoka jasho, maji hawanywi maana kupanda juu kwa ajili ya haja ndogo ni kazi nyingine. Jioni mgongo unauma kweli, wanameza tena. Ukitaka kuziumiza figo za mtu polepole bila ugomvi, hiyo ndiyo njia.

Mmoja wao alikuwa Lushinge, kijana wa Samuye, huku Shinyanga vijijini, mwenye mabega mapana na kicheko cha kuazima kwa jirani, kikubwa kuliko yeye. Alikuja na homa, tukampima na damu, kreatinini ikawa juu kidogo. Nikatoka dirishani. Nikamweleza ya Mzee Kulwa, jiko na majivu, nikamwambia, "Mabega yako yana mchango wake hapa. Lakini maji hunywi, na hivyo vidonge vinamchapa mzoaji. Viache, unywe maji, urudi wiki ijayo."

"Mama, bila vidonge mgongo haukubali kushuka."

"Basi usishuke."

Alicheka. Hata hivyo aliacha, alirudi, na namba ilikuwa imeshuka. Nilifurahi nikampa soda. Kisha ikasikika kuna rashi mpya, dhahabu imeonekana porini huko mbele, na wachimbaji wakisikia rashi huhama kabla chai haijapoa. Lushinge akahama nao, na huko mgongo ukamrudisha kwenye vidonge vilevile.

Miaka ikapita. Nikarudishwa Shinyanga mjini. Mzee Kulwa alikuwa amestaafu na baadaye akafariki, Mungu amrehemu, na dawa ya njano ilikuwa imetoweka kwenye meza. Tuliletewa mashine inayofanya yote yenyewe na kuchapa karatasi. Namba ikizidi kiwango, mashine inachapa mshale pembeni unaotazama juu. Ikipungua, mshale unatazama chini. Ni mashine nzuri, nisiisingizie. Vidole vyangu vilirudi rangi yake na majirani wakaacha kuniulizia bizari.

Asubuhi moja mtu alisimama dirishani, uso umevimba, mabega yamekwisha. Sikumtambua mpaka aliposema.

"Shikamoo, Mama Asha. Majivu yamejaa."

Alikuwa amelikumbuka neno lile miaka yote. Nilimtoa damu, nikamwandika jina vizuri, kisha nikaenda chooni nikalia, kwa sababu dirishani kulikuwa na foleni. Figo za Lushinge zilikuwa zimechoka kabisa. Alianza kwenda Mwanza kusafishwa damu kwa mashine, mara kadhaa kila wiki, analala kwa ndugu, anarudi, anakwenda tena. Mtu wa kusafishwa damu haishi, anasubiri. Madaktari wa huko wakawaambia ndugu zake kwamba akipatikana wa damu yake mwenye afya akajitolea figo moja, Lushinge anaweza kupandikizwa akaishi kama watu wengine.

Aliyejitokeza ni dada yake, Kabula. Ni mkulima wa pamba na mtama pale Samuye, ana watoto, mkubwa anaitwa Shija, kwa hiyo watu humwita Mama Shija. Mama yao alipokuwa akilima, Kabula ndiye aliyembeba Lushinge mgongoni. Yeye mwenyewe alikuwa bado mtoto. "Nilimbeba mpaka nikapinda," aliniambia. "Siwezi kumtua sasa." Mume wake, Baba Shija, hakupenda. Alikuwa mtu mpole, asiyesema sana, na sikuona ubaya wowote kwake. Aliogopa kwamba atapeleka mke mmoja mzima hospitali na kurudishiwa nusu, na watoto bado wadogo.

Vipimo vya kwanza vya Kabula vilifanyika kwetu, ili asisafirishwe bure kama kuna kasoro ya wazi. Alikuja na mumewe na shangazi yake, Shangazi Holo, mama wa makamo yangu aliyeishi Kambarage, ambaye Kabula alikuwa amefikia kwake. Shangazi Holo aliposikia mimi ni Mzaramo alinipokonya kiti. "Mtani hakai wakati Msukuma amesimama," alisema. Tukaelewana palepale. Nilimtoa Kabula damu mwenyewe. Mshipa ulikuwa mgumu kupatikana, na alinitazama muda wote bila kupepesa, kama vile damu ile angeweza kuilazimisha iwe nzuri.

Deo, wewe ndiye uliyekuwa kwenye mashine. Unakumbuka ulivyoniita. "Mama, njoo uone hii." Kwenye mstari wa kreatinini kulikuwa na mshale unaotazama juu. Tulipima sampuli ya kuijaribu mashine, ikasoma sawasawa. Tulipima damu ya Kabula mara ya pili, mshale uko palepale. Mashine haikuwa na kosa. Nikapeleka majibu kwa Daktari Rehema, aliyekuwa mdogo kuliko binti yangu na makini kuliko wengi. Alisoma, akasoma tena. Mtu mwenye kreatinini ya juu hatoi figo. Akitoa, kesho tunakuwa na wagonjwa wawili. Akawaita Kabula na mumewe ndani, awaambie kwa upole, na nakala ya karatasi, ambayo ni haki yao, akampa shangazi aliyebaki nje.

Nilipotoka nje kuvuta pumzi nikamkuta Shangazi Holo kwenye benchi, karatasi mkononi. Kusoma namba hakujua, lakini mshale aliuona. Aliponiona akapiga kigelegele, watu wa foleni wote wakageuka.

"Mtani! Njoo uone! Mshale umepanda juu! Nyama imejibu!"

"Nyama gani, mtani?"

"Ya mbuzi, sasa ya nini? Wewe ulidhani tungemleta mtoto wetu kutolewa damu na tumbo tupu kama Mzaramo? Mbuzi ametoka Samuye kwa ajili yake. Jana kala ini, kala paja. Alfajili hii kanywa supu, bakuli zima, na nyama yake juu. Nimesimama mlangoni mpaka kamaliza. Damu lazima iwe nzito."

Nilisimama pale nikamtazama. Nilimsikia Mzee Kulwa waziwazi kabisa: au leo wamechoma kuni nyingi.

Mlango wa daktari ukafunguka. Kabula akatoka, macho makavu, mumewe nyuma yake.

"Shangazi," akasema, "daktari kasema figo zangu siyo nzuri. Kwangu haiwezekani."

Kigelegele kilimfia Shangazi Holo mdomoni. Alikaa chini, sakafuni, karatasi ile bado ameishika kwa mikono miwili. Kabula hakulia. Alimwinamia shangazi yake, akaanza kumfunga kanga vizuri kama vile shangazi ndiye mgonjwa. Kuliona lile kuliniuma kuliko kama angelia.

"Mama Shija, usiondoke," nikamwambia. "Kaa hapo na shangazi. Narudi."

Daktari Rehema alikuwa ameanza kuwaandikia wenzake wa Mwanza kwamba ndugu huyu hafai. Nilimweleza habari ya mbuzi. Aliweka kalamu chini kabla sijamaliza.

"Paja la mbuzi, na supu asubuhi hii?"

"Kasimamiwa mlangoni mpaka kamaliza."

"Na maji je? Midomo yake ilikuwa imekauka, nikadhani ni woga. Nenda ukaulize maji, Mama Asha. Hapana, twende wote."

Tukatoka. Daktari akamuuliza Kabula alikunywa maji lini mara ya mwisho. Kabula akamtazama shangazi yake. Shangazi akajibu kutoka sakafuni, sauti ndogo.

"Jana mchana. Tulimkataza. Maji si yanafanya damu kuwa nyepesi, daktali? Tulitaka mkiiona mseme huyu ana damu ya nguvu."

Wenzangu, hapa msicheke. Familia ile ilikuwa imekaa ikajiuliza: mtoto wetu anakwenda kupimwa kama anafaa kumwokoa ndugu yake, tumsaidieje? Wakamchinjia mbuzi na wakamnyima maji. Kila walichokifanya kilikuwa cha upendo, na kila kimoja kiliipandisha namba. Nyama ni misuli, ya mbuzi kama ya mtu. Ukiipika, sehemu ya kilichomo hugeuka kreatinini palepale chunguni. Ukiila kwa wingi inaingia kwenye damu yako na kukaa humo kwa saa kadhaa, na mashine haiwezi kutofautisha ya kwako na ya mbuzi. Na mwili ukikosa maji, figo zinazoa kwa shida hata kama ni nzima.

Daktari alisema turudie kipimo baada ya siku chache. Asile nyama, anywe maji kama kawaida yake, asiende palizi, asimeze dawa yoyote bila kumwambia. Ndipo Baba Shija akasema, kwa mara ya kwanza tangu wafike.

"Naomba niseme. Namba imekataa. Mimi naona tuiheshimu. Msimrudierudie mke wangu mpaka ikubali."

Kabula akageuka, na niliona ugomvi mkubwa unakuja, ule wa watu wanaopendana. Nikaingilia, kwa sababu mtani anaruhusiwa na mzee anavumiliwa.

"Baba Shija, hatutarudia ili ikubali. Tutarudia ili tujue ukweli. Ikibaki juu, mimi ndiye nitakayekuja kuwaambia msahau habari ya kutoa figo, na huyu atakuwa mgonjwa wa kutibiwa yeye. Sasa nikuulize wewe. Mke wako akiwa na figo mbovu, hutaki kujua?"

Alifikiri. Nilipenda kwamba alifikiri.

"Nataka kujua," akasema.

"Na zikiwa nzima?"

Alimtazama Kabula, na Kabula akamtazama yeye, na sisi wengine wote tukaanza kutafuta cha kutazama ukutani.

Siku zile za kusubiri Shangazi Holo aliteseka kuliko mtu yeyote. Nilipita kwake Kambarage jioni, kwani ilikuwa njia yangu ya nyumbani, nikamkuta Kabula anakula ugali kwa mlenda, kikombe cha maji pembeni, na shangazi amekaa mlangoni kama anayelinda msiba. "Mwadila, mtani," akanisalimia bila furaha. "Njoo uone tunavyomuua mtoto kwa njaa. Mlenda! Mtu anayekwenda kutoa figo anapewa mlenda!" Nikamwambia awe radhi, Kabula akishatoa figo salama nitamnunulia mbuzi mwenyewe. Akaniambia Mzaramo hajui kuchagua mbuzi, ataletewa paka.

Kabula alinisindikiza hadi njiani. Hapo ndipo alipolia.

"Mama Asha, niambie kweli. Zikiwa mbaya, Lushinge anakufa?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia mdogo wake ataendelea kwenda Mwanza kusafishwa, wengi wanaishi hivyo muda mrefu, lakini ni maisha magumu na huchosha, na yeye anaweza kuchoka. Akasema Lushinge ameshachoka. Akasema amemwambia kwenye simu asimtolee kitu, amwache apumzike. "Nikamwambia nyamaza, mimi ndiye niliyekubeba," alisema, akajifuta na ncha ya kanga.

Asubuhi ya kipimo cha pili nilimtoa damu tena. Mshipa ulijitokeza wenyewe, mnene, maana mwili ulikuwa na maji. Deo, uliiweka damu kwenye mashine, na sisi wawili tukasimama pale kama watu wanaosubiri uji uchemke. Karatasi ikatoka. Mstari wa kreatinini ulikuwa na namba ya kawaida kabisa, na pembeni hapakuwa na kitu. Nilikimbia nayo kwa daktari, na miaka ile nilikuwa nimeshaacha kukimbia. Daktari Rehema alisoma, akavua miwani, akasema, "Haya, sasa tunaweza kuanza." Alimaanisha kuanza kweli, kwa sababu vipimo vilivyobaki vilikuwa vingi na vigumu kuliko hiki. Mimi nilisikia sehemu ya furaha tu.

Shangazi Holo alipopewa karatasi aliigeuza huku na huku.

"Mshale umekwenda wapi?"

"Umeondoka, mtani. Hiyo ndiyo habari njema."

"Umeondoka?" Alitazama tena. "Basi mbuzi wetu tumemla bure."

Alicheka kwanza Baba Shija. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na nilipomtazama vizuri macho yake yalikuwa na machozi. Alimwambia mkewe, "Nitakwenda na wewe. Siwezi kukaa Samuye nikisubiri simu." Ndivyo alivyojibu lile swali langu.

Sitawachosha na yaliyofuata. Walipimwa Mwanza, wakapimwa tena Dodoma, miezi ikapita, mara mbili ikaonekana haiwezekani na mara mbili ikawezekana. Siku ya upasuaji Shangazi Holo alikuja kukaa kwenye benchi la maabara yetu, ambako hakukuwa na kitu cha kusubiri, akasema nyumbani hapakaliki. Simu ya Baba Shija ilipoingia, shangazi alinipa mimi niipokee. Wote wawili walikuwa wametoka salama, na Lushinge ameanza kukojoa. Sijapata kuona watu wakishangilia mkojo namna ile.

Naomba msije mkamwambia kila mtu mwenye mshale kwamba ni mbuzi. Wengi wenye mshale ni wagonjwa kweli, na ukimpa mtu tumaini la uongo umemwibia muda. Ninachosema ni kwamba mwulizeni amekula nini, amekunywa nini, amemeza nini, anafanya kazi gani, ndipo mrudie kipimo na kumwachia daktari aamue. Ni hayo tu niliyoyajua kuhusu kreatinini katika maisha yangu yote ya kazi, na mengi kati ya hayo nilipewa na mtu mwenye koti lisilo na mikono.

Ile wiki yangu ya mwisho kazini walikuja wote wawili, kaka na dada, kwa kipimo cha kawaida ambacho mpaka hapo walikuwa wakifanyiwa Dodoma. Lushinge sasa anauza vipuri vya pikipiki mjini, mabega yamerudi kidogo, na popote aendapo ana chupa ya maji. Karatasi yake ilitoka safi. Ya Kabula ikatoka na mshale unaotazama juu, na yule binti mpya wa kwetu akashtuka, akaniita kwa sauti. Nikamwambia asiogope. Mtu aliyetoa figo moja anabaki na mzoaji mmoja, na majivu yake hukaa juu kidogo kuliko ya wengine. Daktari anaijua namba hiyo, haijasogea tangu upasuaji, na maadamu haisogei hatuna wasiwasi.

Kisha nikatoka dirishani, kama nilivyofundishwa, nikampelekea karatasi mwenyewe. Kabula siku hizi anasoma majibu yake bila msaada. Aliuona palepale.

"Mama Asha, mshale umerudi."

"Umerudi, mama. Na huu hautaondoka tena."

Alinyanyua macho. Kwenye benchi la nje Lushinge alikuwa akimsimulia mtu asiyemjua habari ndefu kuhusu pikipiki, na kicheko chake cha kuazima kilikuwa kinasikika mpaka barabarani. Kabula akamsikiliza kidogo, akaikunja karatasi, akaiingiza kifuani.

"Acha ukae," akasema.